Maneno ya Bahari na Jembe la Mama

Tanga, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nianze na goti lako, maana Levina alisema unalisugua mafuta ya nyonyo kila jioni. Limekubali? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Wiki nzima tumepakua mbolea, na vumbi lake linawasha mpaka ndani ya kope.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mdogo wangu Eliasi. Meli yake ya kuvua jodari ilitakiwa kurudi mwishoni mwa mwezi uliopita na haijarudi. Nilikwenda ofisi ya wakala aliyewaajiri yeye na wenzake. Dada wa pale, Yasmini, akaniambia, "Bado, kaka, bado." Nikamwambia, bado ya namna gani, nataka neno lenyewe kama mnavyoandikiwa na wenye meli. Akageuza kompyuta nione. Limeandikwa "overdue".

Unajua Kiingereza changu, shule niliiacha njiani. Nikalipeleka neno kwa Mzee Nassibu, serahangi wa tagi, yaani msimamizi wa mabaharia kwenye ile meli ndogo yenye nguvu inayovuta meli kubwa. Ni mtu wa Tabora mjini, wa Chemchem kabisa, ila umri wake mwingi ameumalizia majini. Hanipendi sana. Anasema sisi wa Ulyankulu tunatembea gatini kama tunaogopa kukanyaga nyoka. Lakini akiulizwa neno anajibu.

Akasema, "Overdue ni mgeni uliyempikia, ugali umepoa. Hajafa. Hata kuugua hajasemwa. Amechelewa, na wenye nyumba wameanza kutazama njia."

Ndivyo ilivyo, Mama. Amechelewa. Mwambie mkewe Levina hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze.

Mwanao,
Reveriani

*

Ulyankulu, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Reveriani,

Milele amina, na marahaba. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mvua bado, mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Levina nimemwambia mumewe amechelewa. Akauliza amechelewa wapi, nikasema baharini. Akauliza bahari ipi, nikashindwa. Hebu tueleze, maana maji makubwa niliyovuka mimi ni Malagarasi, nikiwa msichana tunakimbia vita, na ng'ambo ilikuwa inaonekana.

Jambo jingine. Usipige simu tena. Yangu haishiki mtandao mpaka nipande kichuguu cha nyuma ya kanisa, kwa hiyo unampigia baba yako mdogo Nijimbere, na neno likipita kwake linafika limenenepa. Juzi ulimwambia haijulikani meli iko wapi. Alipofika hapa akasema Eliasi hajulikani alipo. Leo dukani kwa Deus wanasema ameliwa na maji. Andika, umpe kondakta wa basi kama ulivyofanya, Deus ataichukua stendi ya Tabora akienda kununua mali. Barua nitaisoma kwa macho yangu mwenyewe nikiwa nimekaa.

Unakula? Mara ya mwisho kukuona, kwenye mazishi ya baba yako, ulikuwa umebaki mabega. Hiyo ni miaka sasa.

Mama yako,
Marsiana

*

Tanga, 19 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi mbuzi kuzaa, mmoja uniwekee hata kama sitamwona karibuni. Ninakula, usijali, hapa muhogo na samaki havikosi. Kinachokosekana ni usingizi, shifti zinabadilika kama mtu anayetania.

Umeuliza bahari ipi. Sisi tuna neno moja, tukishasema bahari tumemaliza. Wao wanayo kadhaa, na kila moja lina mahali pake. "Sea" ni bahari ya kutajwa kila siku, hata ile ndogo iliyobanwa na nchi. "Ocean" ni ile kubwa iliyo mama wa zote, hakuna anayeisema kwa mzaha. "Offshore" ni mbali kidogo na pwani, ukisimama juu ya paa unaweza bado kuona mlima wa kwenu. Halafu kuna "high seas", na Eliasi alikuwa huko. Baba mdogo akilisikia atasema bahari imepanda juu. Sivyo. Ni ile sehemu ya mbali ambayo si ya serikali yoyote. Kwa hiyo hakuna wa kugombezwa kwa kutomwona.

Sasa sikia lililo zito. Yasmini amenionyesha neno jipya. "Overdue" limetolewa, limewekwa "missing". Nikamuuliza Mzee Nassibu kama hilo ndilo la mwisho. Akanitazama kama nimemmwagia chai.

"La mwisho ni lost," akasema. "Missing husema anayetafuta. Lost husema aliyeacha kutafuta. Hao wameandika lipi?"

"Missing."

"Basi kwa nini umeshika kichwa? Kashike gunia."

Mama, kwetu mbuzi asiporudi jioni tunasema amepotea, na mtu akizama mtoni tunasema amepotea. Neno moja tunawavika wote wawili. Hawa wameligawa. Eliasi yuko kwenye nusu ya kwanza, ya mbuzi.

Akaniambia na jambo la kwao. Mababu zake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na bibi yake alisema nyumbani mwao hakuliliwa mtu wa safari mpaka msafara wake urudi bila yeye. Wenzake waje, wakae, waseme tulimwacha mahali fulani. Kabla ya hapo mke anatwanga kama kawaida. Na meli ya Eliasi, Mama, haijarudisha hata mtu mmoja wa kusema chochote.

Mwanao,
Reveriani

*

Ulyankulu, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo wa mwili. Barua yako imefika ikakuta nyumba imejaa watu.

Baba yako mdogo amemtangaza Eliasi kuwa amekufa. Jumapili iliyopita, baada ya misa, alisimama nje ya kanisa na kofia mkononi. Alikuwa amempigia simu kijana wake aliye chuoni, kijana akaulizia kwa wakala, akapewa hilo neno la "missing", akasema ni kupotea. Nijimbere akaona kupotea baharini ni kufa. Watu wakaja hapa na maharage, unga, kuni. Wamama wakamshika Levina mabega. Na majembe yote, langu, la Levina, ya nyumba zote za ukoo, yamepandishwa darini.

Unaikumbuka desturi. Kukiwa na msiba hatutii jembe ardhini mpaka matanga yaanuliwe. Na juzi mvua imenyesha, ya kweli. Kitalu cha tumbaku kimejaa miche inayotaka kuhamishwa, na matuta hayajapigwa hata moja. Ndiyo maana Nijimbere ana haraka. Usimfikirie vibaya, amelia mpaka sauti imekauka. Alinijia akasema, "Shemeji, tulie upesi, tuanue upesi, tulime. Mtoto ameenda, tusiuawe na njaa juu yake."

Nikamwambia sijakaa matanga.

"Umekaa kwenye mkeka, shemeji. Watu wamekuona."

"Nimekaa kwa sababu ya goti."

Hakucheka. Amesema Jumamosi ijayo watanyoa nywele na kuanua, nikitaka nisitake.

Sasa nikwambie kwa nini sitaki, maana ulikuwa hujazaliwa. Kaka yangu Manirambona tulipotezana naye siku ile ya Malagarasi. Wazee wakamlilia, wakanyoa, wakaanua, yakaisha. Mwaka uliofuata akaja kwa miguu kutoka Kigoma, na sufuria yake kichwani. Mkewe alikuwa ameshaolewa na shamba lake limegawiwa. Watoto walimkimbia. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyejua kumrudisha. Ameishi na sisi mpaka uzee, na kila akitaka kuchota maji mtungini alikuwa anaomba. Nyumbani kwao wenyewe, anaomba maji. Sitaki Eliasi aje aombe maji kwangu.

Niletee neno. Lolote litakalokuwa, lakini liwe lenyewe.

Mama yako,
Marsiana

*

Tanga, 30 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa na mbolea kichwani, sijaoga, basi linaondoka saa hizi.

Neno limekuja, tena mawili. Ndege ya doria imeiona meli. Yasmini aliniita kwa mkono nikiwa getini. Imeandikwa "adrift", na chini yake "not under command".

Hilo la pili likimfikia baba mdogo atasema mabaharia wameasi nahodha. Mwambie hapana. Maana yake ni meli isiyoweza kujiongoza, injini imekufa au usukani umekatika, kwa hiyo inawaambia wengine wapishe. Na "adrift" ni kuchukuliwa na maji bila kushikwa na kitu. Kuna na "aground", ni kukwama kwenye mwamba au mchanga, hilo hawakuliandika. Kuna na "derelict", ni meli iliyotupwa, isiyo na mtu ndani. Hilo nililiogopa kuliko yote, nikaliulizia mwenyewe. Hawakuliandika.

Sitakudanganya, "adrift" si salama. Nilimuuliza Mzee Nassibu kuhusu mawimbi, naye hakunibembeleza. Alisema kuna "wave", wimbi tu, la upepo wa papo hapo. Kuna "breaker", linalovunjika likifika penye kina kidogo, hilo kule kwenye maji marefu halina kazi. Na kuna "swell", ambalo limetoka kwenye dhoruba ya mbali iliyokwisha siku nyingi, halina povu wala kelele, linakuja limenyanyuka kama mgongo wa ng'ombe anayeamka. Meli bila injini inageukia ubavu, na "swell" inailaza huku na huku mchana na usiku. "Inachosha watu," alisema. "Haiui upesi."

Lakini kuna hili. Ndege imeona mipira miwili myeusi juu ya mlingoti, mmoja chini ya mwingine. Ndiyo alama ya kuwa meli haijiongozi. Nilipomwambia hivyo, mzee aliweka kikombe chini.

"Mipira ipo juu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Wewe wa Ulyankulu, meli iliyokufa haipandishi mipira. Kuna mtu amekwenda pale akaivuta kamba kwa mkono wake."

Watu ni wangapi ndege haikuweza kuona. Tagi kubwa imetoka Mombasa kuwafuata. Hayo ndiyo ninayoyajua, na hayo ndiyo uyaseme Jumamosi.

Mwanao,
Reveriani

*

Ulyankulu, 5 Novemba 2024

Mwanangu Reveriani,

Marahaba, marahaba mara mbili. Barua yako Deus aliileta Ijumaa jioni kwa pikipiki, mvua ikimpiga. Nimemwambia atapata kuku.

Niliyapanga maneno yako yote mkekani kama ninavyopanga tumbaku. Mtu asiyeijua kazi akiingia bani, banda la kukaushia, anaona majani makavu tu, yote ya kahawia. Mimi nayatazama yalikaa wapi kwenye mche, chini, katikati au juu, rangi yake imeiva kiasi gani, yakikunjwa yanarudi au yanakatika. Ukichanganya jani la chini na la juu kwenye robota moja, mnunuzi analirudisha lote. Basi na hawa wa kwetu wamechanganya. Wamelichukua "missing" wakalifunga robota moja na "lost".

Jumamosi alfajiri watu walikuwa uani na wembe upo kwenye sahani. Nikawasomea barua. Nikamaliza, Nijimbere akasema, "Shemeji, mipira miwili si Eliasi."

"Si Eliasi," nikasema. "Ila kuna mtu ameivuta kamba."

"Na kama ni mwingine?"

"Basi huyo mwingine atarudi atuambie walimwacha wapi. Kabla ya hapo msafara haujarudi."

Nikamwambia Levina alete ngazi. Nikapanda, na hili goti, nikashusha jembe langu kutoka darini. Mama Uwimana wa jirani akaweka mkono mdomoni. Nikatoka uani nikapita katikati yao, nikaenda shambani kwa Eliasi, si kwangu, kwa Eliasi, nikapiga tuta.

Unajua nilichokifanya. Nikiwa na msiba wa mtoto halafu nilime, mimi ni mama wa namna gani. Kwa hiyo wote waliokuwa wananitazama walikuwa na mawili ya kuchagua, ama Marsiana amerukwa na akili, ama mwanawe yu hai. Nilipofika tuta la pili nikasikia jembe jingine nyuma yangu. Sikugeuka. Levina ana pigo fupi, la haraka, nalijua.

Nijimbere alisimama mpakani mpaka jua likawa kali. Kisha akasema, "Shemeji, matuta yako yamepinda," akaenda zake. Wembe ameondoka nao. Matanga hayakuanuliwa, kwa sababu hayakukaliwa.

Mvua inaendelea. Sasa neno lako likija baya, aibu ni yangu, nitaibeba. Lakini sidhani.

Mama yako,
Marsiana

*

Tanga, 24 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Ofisi ya wakala ilifungwa kwa muda, na Mzee Nassibu alikataa kunipa neno ambalo halijaandikwa. Nilikuwa nakwenda pale getini kila nikitoka kazini, nasimama, narudi kulala.

Leo limeandikwa "in tow". Wamefungwa kamba, wanavutwa. Kwa Kiingereza kitu kinachovutwa bado hakijafika, kamba hukatika. Lakini hakiitwi tena "adrift". Kuna mtu amekishika.

Majina hawajatuma. Endelea kulima.

Mwanao,
Reveriani

*

Tanga, 2 Desemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. "Alongside".

Ndiyo meli ikikaa ubavu kwa ubavu na gati, kamba zimefungwa mbele na nyuma, unaweza kupita kwa mguu. Si "in port", ambayo inaweza kuwa imetia nanga kule mbele ikisubiri. Ni "alongside". Nililiona kwenye kompyuta ya Yasmini, nikakimbia na buti zangu mpaka huko.

Wapo wote. Mmoja amevunjika mkono, mpishi ana homa. Eliasi alishuka wa mwisho, amekonda, ndevu kama za padri mzee wa Urambo, na anatembea akipanua miguu kama sakafu inayumba. Walikuwa wakila jodari na kukinga mvua kwenye turubai. Umeme ulikufa wote, redio nayo.

Alinishika shingo. Kisha nikamuuliza nani alipandisha ile mipira.

"Mpishi," akasema. "Mimi nilishika ngazi. Usimwambie Mama, mwache aamini ni mimi."

Nimekwambia, kwa sababu uliomba neno lenyewe.

Nilimweleza habari za matanga. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Shamba langu nani analima?" Nikamwambia. Akakaa chini pale pale gatini. Mzee Nassibu alipita akasema, "Mwondoe huyo kwenye kamba, Reveriani, atakatwa miguu." Ndiyo mara ya kwanza kunitaja kwa jina.

Nampandisha basi la Tabora Alhamisi akishapimwa. Mimi nabaki, kuna meli ya mbolea nyingine, na nyumba ya kupanga haijilipi.

Mwanao,
Reveriani

*

Ulyankulu, 15 Desemba 2024

Mwanangu Reveriani,

Marahaba. Goti limepona, au limeona aibu. Miche yote imeshika, imekuwa ya kijani kizito.

Eliasi alifika mchana, na nilikuwa nimepanga. Nilimtuma Deus amwambie akishuka pikipiki asiingie ndani. Jembe lake niliweka mlangoni. Nilitaka aonekane analima kabla hajaonekana anakula. Nilikumbuka Manirambona na sufuria yake. Yeye alianzia uani, akasubiri akaribishwe, na mtu akishakaribishwa kwao ni mgeni.

Watu walikuwa wamejaa, wengine mbali kidogo kwa woga. Eliasi akasimama njia panda hajui pa kwenda. Hapo Nijimbere akatoka katikati ya watu, akaenda mlangoni, akalichukua jembe yeye mwenyewe, akampelekea.

"Baba mdogo, shikamoo," Eliasi akasema.

"Marahaba. Mama yako amepindisha matuta. Kanyooshe."

Akaenda. Akapiga tuta moja, taratibu, mikono imelainika. Levina alikaa ukingoni na mtoto wao, hakumwita. Eliasi alipomaliza tuta akageuka kunitazama, nikamwambia, endelea. Alipomaliza la pili ndipo mtoto akamkimbilia, na watoto wengine nyuma yake. Hakuna aliyemkimbia.

Jioni tulipika maharage yale yaliyoletwa msibani, hatukujua tuyafanye nini. Eliasi akala sahani mbili za matanga yake. Akasema chumvi imezidi. Nijimbere akamwambia, "Wewe wa kulalamikia chumvi?" Ndipo watu wakacheka, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Usiku aliamka kunywa maji. Nilimsikia. Alichota tu, hakuomba.

Uongo wake wa ngazi nimemsamehe. Hata mwenye kushika ngazi yu hai.

Sasa wewe. Nimekuwa nikiyatazama maneno yako kwenye mkeka, najiuliza wewe uko kwenye lipi. "Missing" si wewe, najua ulipo. "Adrift" sidhani, una kazi na una kitanda. "Lost" mtu asithubutu kulisema mbele yangu. Nimelitafuta mpaka nimerudi kwenye la kwanza kabisa uliloniandikia. Hakuna anayesema umekufa wala unaumwa. Chakula tulikupikia tangu mazishi ya baba yako, kimepoa, na wenye nyumba wanatazama njia.

Hilo ndilo jina lako, mwanangu. Meli ya mbolea ikimaliza, muulize Mzee Nassibu, mtu wa namna hiyo akifika huwa anaitwaje. Kama halina Kiingereza, mwambie sisi tunalo la kwetu, mwenyeji, naye atalisikia akipitia hapa akienda Chemchem. Jembe lako lipo mlangoni, mahali lilipokuwa la Eliasi.

Mama yako,
Marsiana